Ukikuta Kaburi, Ruka

Tak Geumrye alikuwa na kaburi lake la kusemezana nalo, na kaburi hilo lilimjua kuliko mtu yeyote aliye hai. Kila mwaka, mwezi wa nane ulipoandama na watu wa wilaya ya Hancheon wakaanza kupanda milimani kukata majani ya makaburi ya wazee wao kabla ya sikukuu ya mavuno, yeye alinoa mundu, akajifunga kitambaa kichwani, akatia samaki mkavu na chupa ya pombe ya mchele kwenye kapu la mgongoni, akapanda peke yake. Njia ilikuwa ya kukata pumzi. Akifika, alikaa chini ya mpeasi mwitu, akavua viatu, akasema, "Baba, nimekuja. Usiniulize kwa nini nimechelewa, magoti yangu unayajua."

Kisha alikata majani huku akitoa habari za mwaka mzima: nani amekufa, nani amehamia mjini, kabichi zimeozea shambani au zimepata lori. Alimsengenya mkwewe wa kike, akamsifia kidogo mwishoni ili isiwe dhambi. Kuna mwaka alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata dada zake wa kanisani. Alisema kwamba siku mumewe alipokata roho, baada ya miaka ya kukohoa vumbi la makaa ya mawe, yeye aliingia jikoni, akafunga mlango, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, na kwamba alijichukia kwa pumzi ile.  Geumrye akamimina pombe juu ya majani, akashuka mlima akiwa mwepesi.

Bonde lao linaitwa Dolbae, kwa ajili ya hiyo mipeasi mwitu, na limebanwa kwelikweli. Jua hufika asubuhi ikiwa imeshazeeka, na huondoka mapema alasiri kama karani wa serikali. Tambarare ya kulima mpunga hakuna. Ndiyo maana watu wa zamani wasio na shamba walipanda juu, wakachoma msitu, wakapanda viazi, mahindi na ngano nyeusi kwenye majivu, na ardhi ilipochoka wakahamia mteremko mwingine. Walichoma kila kitu isipokuwa mpeasi. Kila shamba liliachiwa mpeasi mmoja, wa kivuli na wa kutafuna tunda lake gumu njaa ikizidi.

Baba yake, Tak Manseok, alikuwa mmoja wa wachoma misitu hao. Lakini theluji ikiyeyuka na mto ukajaa, alishuka na kuendesha vyelezo vya magogo mpaka Seoul, kisha akarudi kwa miguu. Mama yake Geumrye alikuwa akisema mume wake hurudi na chumvi kidogo na uongo gunia zima. Geumrye aliupenda ule uongo. Alikuwa na miaka tisa gogo lilipomgeukia baba yake kwenye maporomoko. Wakampandisha mlimani kwa mgongo, wakamzika pembeni mwa shamba lake, chini ya mpeasi wake, na mama akamtilia kiko chake kifuani, maana bila kiko asingelala.

Geumrye alikulia hapo, akaolewa na Ham Pilho wa mteremko wa jirani, na huenda angezeekea hapo. Lakini ikaja miaka ambayo serikali ilisema milima imenyolewa mno, mafuriko yanaua watu wa chini, na tena majasusi wa kaskazini wanapata pa kujificha kwa wachoma misitu. Askari na makarani wakapanda, wakaezua mapaa ya nyumba mchana kweupe ili mtu asirudi. Watu wa juu wakashushwa bondeni na vyungu vyao.

Majira ya kuchipua yaliyofuata walipandishwa tena, safari hii kwa ujira wa unga. Walitakiwa kupanda miti kwenye mashamba yao wenyewe, ile misonobari inayogeuka rangi ya dhahabu na kupukutisha sindano zake kabla ya baridi. Wanawake walipangwa bega kwa bega, kila mmoja na mstari wake, jembe mkononi na miche kwenye aproni. Hatua mbili, shimo, mche, kanyaga. Hatua mbili, shimo, mche, kanyaga. Nyapara alipita nyuma yao na filimbi shingoni akifoka, "Mstari unyooke! Ukikuta jiwe, zunguka! Ukikuta kaburi, ruka!" Geumrye alikuwa na mimba kubwa ya Taegyu. Alipangwa pamoja na mama mkwe wake ng'ambo ya korongo, akapanda miti kwenye shamba la watu huku watu wakipanda kwenye shamba la baba yake. Aligeuka kutazama kule mara nyingi mpaka mama mkwe akamfinya.

Baada ya hapo mgodi ulimtaka Pilho, na Pilho aliutaka mshahara wa mgodi. Wakahamia kwenye nyumba za mistari za wachimba makaa, ambako hata mto ulikuwa mweusi. Taegyu alipochora mto mweusi shuleni, mwalimu mgeni kutoka mjini alidhani mtoto amepungukiwa rangi. Mama yake Geumrye alifia huko huko. Kabla hajakata kauli alimshika binti yake mkono kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua bado anayo.

"Usimwache baba yako kule juu peke yake," alisema. "Mlete alale nami."

"Nitamleta, mama."

"Usiseme tu."

"Nitamleta."

Geumrye alimrudisha mama bondeni, akamzika nyuma ya nyumba, akaacha nafasi kubavuni kwake. Miaka ikapita. Mapafu ya Pilho yakachoka, wakarudi Dolbae kulima kabichi. Muda si mrefu migodi yenyewe ikafungwa, na watu waliokuwa wamefurika wilayani wakatoweka hata shule ikabaki na mlinzi na mbwa.

Alipopanda kumtafuta baba yake kwa mara ya kwanza tangu watoke mgodini, mlima haukumjua. Misonobari ilikuwa imeshakuwa minene, imesimama safu kwa safu, chini yake giza mchana. Njia zilikuwa zimefutika. Alihangaika mpaka alipoona mwanga, na kwenye mwanga mpeasi, na chini ya mpeasi kichuguu cha kaburi kimejaa magugu. Alipiga magoti, akalia, akaanza kung'oa kwa mikono. Mama mkwe wake, aliyekuwa bado hai na mkali vilevile, alimpokea mlangoni na maneno.

"Binti aliyeolewa ni wa kwa mumewe. Kaburi la Tak likatwe na Tak."

"Tak wamekwisha, mama. Nimebaki mimi."

Mama mkwe akalalamika kwamba supu imepoa.

Miaka arobaini ikaenda hivyo. Kila mara alitaka kumshusha baba, na kila mara kukawa na jambo: ugonjwa wa Pilho, mazishi ya Pilho, watoto, mvua iliyosomba kabichi. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea kabisa, na habari mbili zilimfikia kwa pamoja. Ya kwanza, misonobari ilikuwa imekomaa na imekatwa yote majira ya baridi, na miche mipya ingepandwa mara tu ardhi ikilainika. Baada ya hapo barabara ya malori ya magogo ingefungwa kwa mnyororo. Ya pili, mwaka huo kalenda ya mwezi ilikuwa na mwezi wa ziada, mwezi wa pili unaorudiwa, ambao mizimu haina habari nao. Ukigusa kaburi katika mwezi huo hakuna anayekasirika. Akampigia simu mwanawe huko Ansan.

"Mama, tusingoje mpaka baada ya mavuno?" alisema Taegyu.

"Mavuno yapi? Wewe unalima?"

"Mama, kazini kwangu..."

"Mwezi wa ziada ni huu. Barabara ni hii. Magoti ni haya. Unataka nimwambie nini bibi yako nikifika kule? Kwamba Taegyu alikuwa kazini?"

Taegyu alikuja Jumamosi, amevaa viatu vya mjini.

Mfukuaji alikuwa Mzee Eom Sangdol, ambaye alikuwa amefukia na kufukua nusu ya wilaya, na hakuna aliyewahi kumwona akiwa na huzuni. Aliwapakia kwenye pikapu yake pamoja na majembe, kisanduku cha mbao, karatasi nyeupe za kufungia mifupa na kapu la Geumrye lenye pombe, samaki mkavu, peasi na mikate myembamba ya ngano nyeusi.

"Mama Taegyu," alisema akibadilisha gia, "baba yako alipanda mlima kwa mgongo wa watu, leo anashuka kwa gari. Maendeleo hayo!"

"Endesha tu. Usimshushe kabla hatujampandia."

Barabara ya magogo ilizunguka bega la mlima, ikatokeza upande wa pili. Mlima ulikuwa mtupu. Visiki tupu, safu kwa safu, mpaka kileleni, na theluji chafu kwenye mabonde madogo. Kwa zaidi ya nusu karne hakuuona hivyo, na macho yake yalikuwa yametolewa mtoto wa jicho juzi juzi tu, kwa hiyo aliuona vizuri kuliko alivyotaka. Alikuwa anautazama mlima wa utotoni mwake. Ule mkunjo wa kijito. Zile chungu za mawe ambazo mama yake aliokota shambani jiwe kwa jiwe. Lile jiwe kubwa lililofanana na chura, ambalo baba alimkalisha juu yake siku za kuchoma msitu, akamwambia chura atamwangalia.

Gari likasimama. Kaburi lilikuwa pale pale, kavu na nadhifu, chini ya mpeasi wake ambao wakataji waliuacha. Taegyu alitandika mkeka na kupanga vyakula. Mzee Eom alimimina pombe ya mzimu mwenye mlima, akainama mara mbili, akaomba ruhusa. Kisha akainua jembe, akagonga ubavu wa kaburi, akaita kwa sauti kubwa kama desturi inavyotaka, ili aliye ndani asishtuke.

"Kaburi linafunguliwa!"

Alikwenda upande wa pili, akagonga.

"Kaburi linafunguliwa!"

Aliinua jembe mara ya tatu.

"Acha!" Geumrye alipiga ukelele. "Acha, Sangdol, weka jembe chini!"

Wanaume wawili wakamgeukia. Geumrye alikuwa ameshika mlango wa gari, anatazama ng'ambo ya korongo.

"Huyu si baba."

"Mama, umechoka," Taegyu alisema. "Kaa kidogo, unywe chai."

"Sijachoka, nimekosea. Hayo ni mambo mawili. Tazama lile jiwe. Lile ni la chura. Baba alizikwa mbele ya mdomo wake, mama alisema atakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mimi hapa naona nini? Naona matako ya chura!"

Mzee Eom alikunja macho, akatazama, akakuna shingo. "Ni kweli," alisema taratibu. "Ni matako."

Ndipo ikawaelea wote. Shamba la akina Tak lilikuwa ng'ambo ya korongo. Huku kulikuwa shamba la watu wengine, na mpeasi huu ulikuwa mpeasi wao, na aliyelala chini yake alikuwa mtu wao. Ndani ya msitu wenye giza mipeasi yote hufanana, na mtu anayetafuta kwa machozi huona anachokitafuta.

"Basi tufungue tuone ni nani," Mzee Eom alisema.

"Ufungue nyumba ya mtu usiyemjua hata jina?"

"Hapana, nilikuwa nauliza tu." Akaweka jembe chini kwa haraka kidogo. "Mwezi huu mizimu imelala, lakini si usingizi wa kiasi hicho."

Geumrye alikaa kwenye mkeka, kati ya peasi na samaki, akalia. Hakulia kwa siri. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, na kitambaa kikamteleza kichwani. Miaka arobaini alikuwa amemwacha baba yake na magugu, huku yeye akikatia majani mtu mwingine na kumwita baba. Mama aliagiza jambo moja tu. Taegyu hakuwahi kumwona mama yake akilia hata siku ya mazishi ya baba, na hakujua mikono yake aiweke wapi. Mwishowe alichuchumaa, akamfunga kitambaa chake upya, vibaya, kama mtu anayefunga mzigo.

"Twende ng'ambo, mama," alisema. "Nitakubeba."

Alimbeba. Viatu vya mjini viliharibikia kwenye korongo, na Taegyu hakuvisema.

Ng'ambo hapakuwa na mpeasi wala kichuguu. Mpeasi ulikuwa umekufa zamani kwenye kivuli cha misonobari. Kaburi lisilopaliliwa husinyaa, na nguruwe mwitu hulimaliza. Walipekua matawi makavu yaliyoachwa na wakataji, wakachoma vijiti ardhini huku na huko, mpaka jua likawa utosini na mikate ikakauka. Mzee Eom aliegemea jembe lake.

"Mama Taegyu, udongo umeshamla. Chota udongo wa hapa ngumi moja, tuufunge kwenye karatasi vizuri, tuseme ndiye. Wengi hufanya hivyo. Hata waheshimiwa."

Geumrye alitazama ile karatasi. Alikuwa amechoka kweli sasa, na nyuma ya nyumba shimo lilikuwa limeshachimbwa tangu jana. Nani angejua?

"Nilishasema 'ndiye' mara moja," alisema. "Inatosha."

Alimwomba Taegyu amkalishe juu ya jiwe la chura, pale pale alipokalishwa utotoni. Mbele yake, chini ya mdomo wa chura, visiki viliteremka kwa safu zilizonyooka, na yeye akazitazama tu, bila kufikiri, kama mtu anavyotazama kazi ya mikono aliyowahi kuifanya. Kidole chake kilianza kugonga gotini. Hatua mbili, shimo, mche, kanyaga. Hatua mbili, shimo, mche, kanyaga. Jicho lilifuata safu moja, kisiki, kisiki, kisiki, na kidole kikagonga pasipo na kisiki. Mbele kidogo safu ikaendelea. Akatazama safu ya pili. Nayo ilikatika mahali pale pale, ikaendelea. Safu za kushoto na kulia zilikuwa kamili.

"Nishushe," alisema. "Taegyu, nishushe!"

Alikwenda kwa magoti yake mabovu, akihesabu kwa midomo, akikanyaga alipokanyaga mpandaji, mpaka akafika pale pasipo na kitu. Palikuwa na sindano kavu za misonobari, na urefu wa mtu aliyelala.

"Hapa pana nini?" Taegyu aliuliza.

"Hapana kitu. Ndiyo yenyewe. Mti umekosekana hapa na hapa, na kila mahali pengine upo. Tuliambiwa, ukikuta kaburi, ruka. Mtu alikuwa kwenye mstari huu, akamkuta babu yako, akaruka."

"Nani?"

"Nitajuaje? Wanawake wa Dolbae. Walikuwa na njaa, nyapara yuko nyuma yao na filimbi, na kila mche ulihesabiwa kwa unga. Wote wamekufa sasa. Mmoja wao aliruka, na wa mstari wa pili akaruka naye."

Mzee Eom hakutania. Aligonga ardhi na jembe, akaita mara tatu, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Alichimba polepole, akapita mizizi, akapita udongo mwekundu, mpaka udongo ulipobadilika ukawa mweusi na laini, umelala kwa umbo la mtu. Hapo aliacha jembe, akatumia mikono. Mifupa ilikuwa imebaki michache sana. Lakini palipokuwa kifua kulikuwa na kitu kidogo kilichoota kutu ya kijani, na alipokifuta kwa kidole gumba kilikuwa kichwa cha kiko cha shaba.

Geumrye alikipokea kwa mikono miwili. Hakulia tena. "Mwongo mkubwa wewe," alisema kwa upole. "Tumekutafuta."

Walimfunga kwenye karatasi nyeupe, mifupa na ule udongo mweusi pamoja, wakamweka kwenye kisanduku, na Taegyu akakipakata kifuani mpaka kwenye gari, hatua kwa hatua, akiwa amesahau kabisa habari ya kurudi Ansan mapema. Geumrye aliwaambia wamngoje. Alichukua nusu ya mikate, peasi moja na pombe iliyobaki, akarudi kwenye lile kaburi la kwanza, akakaa chini ya mpeasi. Hakuvua viatu, kisha akavivua.

"Sasa sijui nikuite nani," alisema. "Sijui kama u mwanamume au mwanamke. Miaka yote hii nimekuita baba na hukunikatiza hata mara moja, huenda ulikuwa unacheka. Samahani kwa yule mzee wa majembe, hakukusudia kukuamsha. Na yale ya jikoni, siku Pilho alipokufa, naomba yabaki hapa hapa."

Alimimina pombe. Taegyu alikuwa amemfuata, amesimama nyuma yake na matope mpaka magotini.

"Mwezi wa nane nitakuja na mashine ya kukata majani," alisema.

"Kumkatia nani?"

"Huyu."

"Humjui."

"Na wewe ulikuwa humjui, mama."

Geumrye akampa mkono amwinue.

Walimzika Tak Manseok kabla jua halijaondoka bondeni, kubavuni kwa mkewe. Geumrye alisimama juu ya makaburi mawili, akamwambia mama yake, "Mama, mtu wako huyu hapa. Kiko amekuja nacho. Chumvi hakuleta." Kisha akaingia ndani, akalala na nguo zake, na usiku huo magoti hayakumsumbua.

Hapo ningeweza kumwacha, kama asingekuwa Geumrye. Lakini wapanda miti walipokuja, alimsumbua Mzee Eom kwa simu mpaka pikapu ikapanda tena kabla ya mnyororo kufungwa. Wapandaji siku hizi si watu wa Dolbae. Dolbae haina watu wa kukodi. Walikuwa wageni wa nchi za mbali na wanawake walioolewa wilayani kutoka Vietnam, kila mmoja na mstari wake, jembe mkononi, miche kwenye begi la kiunoni. Msimamizi wao hakuwa na filimbi, alikuwa na simu, na alikuwa mbali chini akizungumza nayo.

Geumrye aliketi kwenye kigoda kidogo kando ya kaburi la mpeasi, akangoja. Mistari ilipanda taratibu. Mstari uliokuja moja kwa moja kwake ulikuwa wa mwanamke mmoja kijana wa Kivietnam, uso umefunikwa na kofia pana, anahema. Alifika, akaona kichuguu, akasimama, hajui afanye nini. Akatazama nyuma kumtafuta msimamizi, hakumwona.

"Bibi," aliuliza, akitafuta maneno ya nchi ngeni, "hili... ni la nani?"

Geumrye alitaka kusema hajui. Hilo lilikuwa ndilo la kweli, na tangu utotoni alikuwa na wivu na watu wanaosema kweli, maana yeye alizaliwa na mwongo. Alilitazama kaburi, majani yake mafupi ya mwaka jana, mahali alipozoea kukaa palivyobonyea.

"Ni la kwetu," alisema. "Ruka."

Yule mwanamke akainamisha kichwa kwa heshima, akapita kando ya kaburi, akaenda hatua zake mbili upande wa pili, akachimba shimo.